Maziwa ya Kokuhirwa

Maziwa yalimvuja Kokuhirwa mbele ya watu, msibani kwa mdogo wake Vero, akiwa ameketi juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni pamoja na wanawake wengine wa ukoo. Mtoto mchanga aliyeachwa na Vero alikuwa ameanza kulia chumba cha ndani, kilio chembamba cha kiumbe ambaye hajatia kitu tumboni, na Kokuhirwa hakujua linalompata mpaka alipohisi ubaridi kifuani. Gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili. Alivuta kanga ajifunike, lakini shangazi mmoja wa upande wa shemeji yake alikwisha kuona, naye akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

Kokuhirwa hakuwa na mtoto. Miaka yote aliyokaa kwa mumewe Novatus kule Kamuli hakuwahi kupata mimba, na hapakuwa na mtu pale msibani asiyelijua hilo.

Maziwa yenyewe yalikuwa yameanza kitambo. Siku zake zilikoma kwanza, kisha asubuhi moja akaona tone kwenye nguo. Novatus aliposikia alitoka mbio kwenda kumwambia mama yake, na jioni ile nyumba nzima ilikunywa lubisi, pombe ya ndizi. Wakasubiri tumbo. Tumbo halikuja. Kipimo kilikataa, kikarudiwa, kikakataa tena, na zahanati wakasema ni homoni tu, zitatulia zenyewe. Hazikutulia. Tangu hapo Kokuhirwa akawa anakunja vitambaa na kuvipachika ndani ya sidiria, anavifua mwenyewe nyuma ya nyumba na kuvianika katikati ya migomba wasikopita watu. Mwanamke asiyezaa anayetoa maziwa, watu wanaweza kuuliza amemla mtoto wa nani.

Kati ya wanawake wa pale msibani, mama yake, Adelgunda, peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Alitoka chumba cha ndani amembeba yule mtoto aliyefungwa kwenye kitenge cha marehemu. Walikwisha kumjaribu na maziwa ya ng'ombe, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Adelgunda alivuka nyasi, akainama mbele ya Kokuhirwa.

"Mpe," alisema.

"Mama, watu wote hawa..."

"Watu hawana maziwa. Mpe."

Kokuhirwa alifungua vifungo. Mtoto alitapatapa kidogo, akashika, na sebule nzima ikanyamaza hata sauti ya kumeza ikasikika. Yule shangazi aliyegusa mwenzake kwa kiwiko ndiye aliyeanza kulia.

Baada ya maziko Mugisha, mume wa marehemu Vero, aliwaita pembeni Kokuhirwa na Novatus. Alikuwa bado na udongo kwenye viatu. "Mchukueni," alisema. "Mtoto ni wa ukoo wetu, hilo mnalijua. Lakini kwanza aishi. Akishaacha ziwa, nitakuja kumchukua." Wakakubaliana hivyo. Mtoto akaitwa Kemilembe, akatoka Chonyonyo kwenda Kamuli amelala kifuani mwa mama yake mkubwa.

Wanaomfahamu Kokuhirwa wanasema hawajapata kumwona mtu akibadilika vile. Alikuwa mtu wa kutembea ukingoni mwa njia. Sasa akawa anapita katikati, mtoto mgongoni, anasalimia kila mlango. Vile vitambaa vyake alivichoma. Kanisani, wenzake wa umoja wa wanawake walipokaa benchi la nyuma kunyonyesha, naye alikwenda kukaa nao, akasikiliza habari za meno na za chango, akachangia. Novatus alikuwa akirudi kutoka kwenye mibuni, anaketi kwenye kigoda, anamtazama Kemilembe akinyonya kidole cha mguu wake mwenyewe, anacheka peke yake.

Kichwa kilianza kumuuma Kokuhirwa wakati huohuo. Alidhani ni kukosa usingizi. Kisha akaanza kujigonga. Alijigonga kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyokaa miaka mingi. Alimkanyaga mtoto wa jirani aliyekuwa amesimama kando yake. Ndama wa Novatus alipompita upande wa kushoto, Kokuhirwa alipiga kelele kwa hofu kama aliyeona chui, na Novatus akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Koku, hukumwona kweli?"

"Nilikuwa nawaza mengine."

Lakini alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la mlango. Kilichokuwa mbele alikiona. Cha pembeni hakikuwepo. Hospitali ya wilaya walimpima, wakamwandikia aende Mwanza haraka akapigwe picha ya kichwa. Kahawa ilikuwa imeiva na wachumaji walikuwa shambani, kwa hiyo Adelgunda ndiye aliyefunga safari naye, ili amshike mtoto wakati Kokuhirwa yuko ndani ya mashine.

Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliwageuzia kioo cha kompyuta. Kokuhirwa ilimbidi azungushe kichwa huku na huku ndipo aione picha yote.

"Hapa nyuma ya pua, chini ya ubongo, kila mtu ana tezi ndogo kama punje ya harage," alisema daktari. "Ndiyo inayouamuru mwili. Upate siku zako, utoe maziwa, ustahimili ugonjwa. Yako imeota uvimbe. Huu. Umefika ukubwa wa yai la njiwa, na ndani umejaa maji."

"Maziwa yangu yanatoka huko?"

"Huko ndiko yanakoamriwa. Uvimbe unaudanganya mwili kwamba umezaa."

Kokuhirwa aliinamisha uso, akamtazama Kemilembe aliyekuwa amelala mapajani mwa bibi yake, mdomo wazi.

"Mara nyingi tunaanza na vidonge," daktari aliendelea, "lakini uvimbe wa namna hii hausinyai upesi, na mishipa ya macho inapita juu yake. Unaibana. Nenda Dar es Salaam ukafanyiwe upasuaji, na usikawie."

"Watampasua kichwa?" aliuliza Adelgunda.

"Hapana, mama. Siku hizi wanapita puani. Wanaingiza kamera nyembamba kama kalamu, wanatoboa kijifupa kilicho nyuma kabisa ya pua, wanautoa uvimbe kipande kwa kipande. Usoni haachiwi hata kovu."

"Na maziwa?" aliuliza Kokuhirwa.

"Yatakauka. Hiyo kwetu ni dalili njema."

"Nikingoja mpaka mtoto aanze uji? Mama yake amekufa. Mimi ndiye ninayemnyonyesha."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mtoto atakunywa maziwa ya kopo na atakua. Wapo wengi waliokua hivyo. Macho yakishakufa, mama, hakuna anayeyafufua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Ndani ya basi la kurudi Adelgunda alikuwa na mtoto wa binti mmoja mapajani na binti mwingine ubavuni, na njia nzima alitazama nje. Walipokaribia kuagana, Kokuhirwa alisema, "Novatus nitamwambia wamenipa dawa ya matone." Adelgunda alifunga kitenge cha mtoto vizuri zaidi, ingawa hakikuwa kimefunguka. "Wewe ni mtu mzima," alijibu.

Maziwa ya kopo yalikuwepo, na hili ndilo Kokuhirwa hakumwambia mtu yeyote. Mwaja, mwenye duka kubwa pale Nkwenda, aliyaagiza kila mara, na Kokuhirwa alinunua kopo moja wiki ileile. Alichemsha maji, akakoroga kama alivyoelekezwa, akajaza chupa huku akiomba kimoyomoyo, asijue anaomba nini. Kemilembe alikunywa mpaka tone la mwisho. Hakutapika, hakuharisha. Alicheua, akatabasamu, akalala.

Kokuhirwa aliketi akimtazama, na badala ya kushukuru alihisi moyo unakufa ganzi. Mtoto angeweza kuishi bila yeye. Alichukua lile kopo, akampa jirani mwenye mapacha, akasema mtoto wake ameyakataa. Mtoto alipoamka akampa ziwa.

Basi akangoja. Alijiambia atakwenda Kemilembe akiota meno. Meno yakaota. Akajiambia akianza uji. Uji ukaanza, na mtoto akaupenda, lakini alfajiri bado alikuwa anatafuta ziwa kwa kupapasa, na Kokuhirwa akasema moyoni: si leo. Lile tundu la kuchungulia likawa linazidi kufinyaa. Alijifunza kutembea kwa kuhesabu hatua mpaka jikoni, akajifunza kujua watu kwa mwendo. Novatus aliuliza habari ya matone, akaambiwa yanasaidia. Adelgunda alipiga simu kutoka kwake Kaisho.

"Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Na macho?"

"Yapo, mama."

Adelgunda hakuuliza mara ya pili.

Siku ilipofika, Kokuhirwa alikuwa uani anamenya ndizi za mchana, Kemilembe amekaa mkekani anachezea maganda. Kitu kilipasuka nyuma ya macho ya Kokuhirwa, kama amepigwa nyundo kutoka ndani. Kisu kilimponyoka. Alitapika palepale juu ya ndizi. Novatus alipofika mbio kutoka shambani alimkuta amepiga magoti, mikono imenyooshwa mbele.

"Novatus, mbona umefunga mlango?" alisema. "Fungua, mtoto yuko gizani."

Jua lilikuwa utosini. Kemilembe alikuwa ameshikilia gauni lake.

Gari la wagonjwa lilimfikisha Mwanza, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam, nusu yuko nusu hayuko. Alipopata fahamu kamili alikuwa na pamba kwenye matundu yote mawili ya pua, anahema kwa mdomo, koo limekauka kama jivu. Sauti ya mwanamume kijana ilimwambia: "Mama, mimi ni daktari Ikram, ndiye niliyekufanyia upasuaji. Uvimbe ulikuwa umevuja damu ndani yake. Tumeingia puani, tumeutoa wote tulioweza kuuona. Usipenge kamasi. Ukipiga chafya, achama. Usiiname. Umesikia?"

"Washa taa," alisema Kokuhirwa.

"Taa zinawaka, mama. Tuyape macho muda."

Waliyapa muda. Jicho la kulia halikurudi kabisa. La kushoto likaja kutofautisha dirisha na ukuta, likaishia hapo. Kwa siku kadhaa alishikwa na kiu ya ajabu, anamaliza jagi la maji na kukojoa lote, anaomba jingine, mpaka wakampa dawa ya kuituliza. Daktari Ikram akaja kuwaeleza kwamba tezi yenyewe ilikufa ile siku damu ilipovuja. Atameza vidonge kila asubuhi maisha yake yote. Akiviacha, homa ndogo tu inaweza kumwua. Kuhusu kuzaa aliulizwa na Novatus, naye akajibu kwa upole mwingi sana, hata kabla hajamaliza Novatus alikwisha kusema, "Basi, daktari, inatosha."

Kisha daktari akasema, pasipo nia mbaya, "Ingekuwa vyema sana mngekuja aliposhauriwa Mwanza."

Daktari alipotoka, Novatus alivuta kiti karibu na kitanda. Kokuhirwa alimsikia anavyopumua.

"Uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Ukaniambia matone."

"Ningekwambia ungenileta."

"Ningekubeba mgongoni, Koku. Ningekuleta kwa miguu."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana."

Novatus alitoka wodini, akarudi baadaye ananuka moshi wa sigara, ingawa hakuwa mvutaji. Hakumgombeza. Hakumgombeza siku ile wala baadaye, na hilo lilimwelemea Kokuhirwa kuliko kipigo.

Waliporudi Kamuli watu walikuja kumpa pole, na wengi walikuja kuona kovu. Mwanamke mmoja mzee alimvua kitambaa, akampapasa kichwa kizima kwa vidole. "Mbona hawakumpasua?" aliuliza. Novatus akaeleza habari ya pua na kamera. Wakaitikia, wakanywa chai, na walipofika njiani wakasema Novatus ametapeliwa mjini, kichwa cha mkewe hakijaguswa, macho yamekwenda kwa uchawi. Kisha wakakumbuka kwamba Kokuhirwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akitoa maziwa bila kuzaa, wakatazamana.

Adelgunda alimleta Kemilembe kutoka Kaisho, alikokuwa amemtunza kwa maziwa ya kopo. Mtoto alikuwa amenenepa. Kokuhirwa alimpokea, akampapasa mikono, miguu, mashavu, akainusa shingo yake. Hakusikia harufu yoyote. Pua nayo ilikuwa imeondoka na pamba. Akafungua gauni. Mtoto alikumbuka, akashika kwa pupa, akavuta, akavuta tena. Kisha akaachia, akasukuma ziwa kwa kiganja na kulia kwa hasira mpaka Adelgunda akaja na chupa.

Mugisha alikuja baada ya masika. Alikuwa amekwisha kuoa tena. Alimwamkia Adelgunda, akakataa kukaa, kisha akakaa.

"Shemeji," alisema, "sina neno la kukushukuru. Mtoto yuko hai kwa ajili yako. Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana akiacha ziwa," alisema Kokuhirwa.

"Na amekwisha kuacha."

"Kaka, mwache avuke mwaka," alisema Novatus. "Mke wangu ni mgonjwa. Mtoto ndiye anayempa nguvu ya kuishi."

Mugisha alijikohoza. Hakuwa mtu mbaya, na ilisikika kwamba neno lenyewe lilimuuma kabla hajalitoa. "Kaka, mtoto ameanza kutembea. Wewe uko shambani. Akienda kwenye moto, nani atamwona?"

Adelgunda aliinuka kwenda kukusanya nguo za mtoto. Kokuhirwa alimvisha mwenyewe, kwa kupapasa, na kifungo kimoja akakiruka, na hakuna aliyemwambia. Pikipiki iliwashwa. Kemilembe alicheka kwa mngurumo wake, maana alipenda sana pikipiki, na kicheko kikateremka naye mpaka barabarani, kikapotea.

Asubuhi iliyofuata Kokuhirwa hakutaka vidonge. Adelgunda, aliyelala hapo, alimletea kitandani pamoja na kikombe.

"Weka, mama. Nitameza."

"Meza nikiwa hapa."

"Nikimeza ndiyo nini?"

Adelgunda hakumbembeleza wala hakumkemea. Alisimama tu. Baada ya muda Kokuhirwa alisikia maji yanadondoka sakafuni, kidogo kidogo, akatambua kwamba kikombe kinamwagika mkononi mwa mama yake. Mwanamke huyu alikuwa amezika binti mmoja. Kokuhirwa akaachama kama alivyofundishwa kuachama kwa chafya, akawekewa kidonge ulimini, akameza. Amekuwa akimeza tangu hapo.

Msimu wa senene, watoto walipokuwa wakikimbizana nao kila mahali, Mugisha alimleta Kemilembe kusalimia, pamoja na mkewe mpya. Kokuhirwa alikuwa amesukwa nywele na kuvishwa gauni la kanisani. Alisikia hatua ndogo zinaingia ndani, zikasimama.

"Nenda kwa mama mkubwa," alisema Mugisha. "Nenda, msalimie."

Hatua hazikusogea. Mtu alimnyanyua mtoto, akamweka mapajani mwa Kokuhirwa. Alikuwa mzito, alikuwa na joto, na miguu yake ilifika mbali kuliko alivyodhani. Kokuhirwa alinyoosha mkono taratibu kuutafuta uso. Vidole vilipogusa shavu, mtoto alijikunja mwili mzima, akaanza kupiga kelele, "Mama! Mama!", akiunyoosha mwili wake upande wa mlangoni, alikosimama yule mwanamke mwingine.

Novatus alisema atazoea, apewe muda. Adelgunda alisema mpeni muwa. Kokuhirwa alimshika mtoto kwa mikono miwili chini ya makwapa, barabara, ili asianguke, akamwinua kuelekea huko kilio kilikoelekea.

"Mpokee," alimwambia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. "Anakuita."